Akaunti ya Mji Mzima

Abdulshakur aliuza simu, alitengeneza simu na alichaji simu za nusu ya wachimbaji wa Nyarugusu, na asubuhi ile alitamani simu isingebuniwa kabisa. Inspekta Zuleha Akida alikuwa amekalia kiti chake, upande wake wa kaunta, na mwenye duka amesimamishwa pale wanaposimama wateja. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Nje, Koplo Herman aliwaambia wenye simu zao wakatafute chaji kwingine, duka lina ugeni.

Juu ya kioo cha kaunta, katikati yao, ilikuwepo simu ya Martina.

Martina mwenyewe alikuwa mahabusu Geita. Mumewe, Mabula, alikuwa amefia ndani ya duara, shimo refu la kuchimbia dhahabu, baada ya matimba kuachia na udongo kumfunika. Wenzake walipomfukua waliona kwamba magogo yale yanayoshikilia kuta hayakuoza wala kuvunjika. Yaligongwa nyundo mpaka yakatoka kwenye nafasi zake. Na nyundo ilikuwa pale pale, mpini umezungushiwa kipande cha kitenge, ile ile ambayo Martina alikuwa akipondea mawe mwaloni wanakooshea mchanga. Tena walikuwepo waliomwona akipita karibu na duara, mahali ambapo mwanamke haruhusiwi kukanyaga kwa kuwa wachimbaji wanaamini dhahabu itakimbia. Basi, kwa watu wa Nyarugusu kesi iliishia hapo. Walimvunja mkono siku ya mazishi, kabla polisi hawajafika. Mtoto wake, Ritha, ambaye hajaacha ziwa, alichukuliwa na bibi yake mzaa baba, aliyesema mbele ya waombolezaji wote kwamba muuaji hatamnyonyesha mjukuu wake. Kule mahabusu Martina alikuwa anakamua maziwa sakafuni kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Kesho yake alikuwa apandishwe kizimbani kwa mauaji, na kesi ya mauaji haina dhamana.

Zuleha alikuwa ameipekua simu ile tangu Martina alipompa namba za kuifungua. Alitafuta ugomvi wa mke na mume, kama mpelelezi yeyote angefanya, akakutana na kioja. Kwenye programu ya picha kulikuwa na maelfu ya picha za watu wasiohusiana hata kidogo: arusi, mbuzi, vidonda, makalio, mawe yenye dhahabu yaliyopigwa picha kwenye viganja, padri akibariki karasha jipya la kusagia mawe. Herman alishangilia. Alisema mwanamke huyu ni mwizi wa simu, ana genge lake, mumewe akagundua, wakammaliza. Zuleha alimwacha ashangilie njia nzima kutoka Geita. Yeye alishaona kwamba picha zilikuwa zinaendelea kuongezeka huku simu ikiwa ndani ya bahasha ya vielelezo. Asubuhi hiyo hiyo iliingia picha ya bakuli la uji.

"Sasa nieleze," alimwambia Abdulshakur. "Mwenye simu yuko ndani. Nani anampigia picha uji?"

Abdulshakur alianzia mbali. Alieleza habari za mtandao, habari za virusi, habari za Wachina. Zuleha alimsikiliza huku akisafisha kucha zake kwa njiti ya kiberiti. Jamaa alipofika kwenye setilaiti, Zuleha akamwita Herman aje na pingu, na hapo maneno yakanyooka yenyewe.

Simu ya kupangusa haikupi raha bila barua pepe. Mchimbaji anayenunua simu hana barua pepe, haijui, na hataki kuijua. Anataka WhatsApp, tena sasa hivi, wenzake wanamsubiri shimoni. Kwa hiyo Abdulshakur alifungua akaunti moja ya duka, na kila simu aliyoiuza aliiwekea hiyo hiyo, na pasiwedi hiyo hiyo. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Ila sasa kila simu ikipata mtandao inapandisha picha zake yenyewe kwenye hifadhi ya akaunti, na kule juu hakuna kuta. Picha za mji mzima zinalala chumba kimoja.

Zuleha akauliza kama wenyewe wanajua. Hawajui, akasema Abdulshakur. Wao wanaangalia picha kwenye galari, humo wanaona zao tu. Ile programu nyingine imekaa ukurasa wa mwisho kabisa na hakuna anayeihangaikia.

"Isipokuwa wewe."

Abdulshakur akaanza kupangusa kioo cha kaunta kwa kiwiko, kioo ambacho kilikuwa kisafi.

Zuleha alirudisha picha nyuma mpaka siku aliyokufa Mabula. Kati ya picha za siku hiyo palikuwa na mraba mweusi wenye alama ya video. Akaugusa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, hakikuleta kitu, kwa sababu video haikuwemo kwenye simu; ilikuwa huko juu, na ilitaka kushushwa. Mtandao wa dukani haukuwa na nguvu ya kushusha hata nzi. Lakini kuna jambo jingine lilimkaa. Alirudi wiki zilizotangulia, akaja siku zilizofuata. Picha zilijaa tele, video hakuna. Mji mzima wa vijana wenye simu, wanaocheza muziki, wanaopigana vilabuni, wanaorekodi kila ujinga, na kwenye hifadhi yao yote imebaki video moja.

"Nyingine zote umezifuta," alisema. "Hii umeiacha kwa nini?"

Abdulshakur akakaa juu ya boksi la chaja. Alisema hifadhi ikijaa, simu zote zinaanza kulalamika na wateja wanamjia juu, kwa hiyo kila baada ya muda anaingia kutoa mizigo mizito, yaani video. Kabla ya kutoa anatazama kidogo. Ni binadamu. Hiyo aliitazama siku ya mazishi.

"Niliogopa kuifuta, Afande. Na kuiacha nikaogopa."

"Wakati wanamvunja mkono Martina ulikuwa umeshaiona."

"Nilifunga duka. Sikutoka kwenda kutazama." Aliinua uso kidogo, kama mtu anayetaka asifiwe kwa hilo. "Ningesemaje? Wakijua ninaona picha zao za vyumbani watanichoma pamoja na duka."

Zuleha alimchukia kwa moyo wake wote. Lakini alikuwa bado anamhitaji, kwa hiyo alimwomba pasiwedi kwa sauti ya upole kabisa, akamkataza kugusa akaunti, na akamwambia kwamba video ile ikipotea, atamtembeza yeye sokoni kwa miguu huku Herman akiwatangazia watu kazi anayofanya dukani. Abdulshakur aliandika pasiwedi. Lilikuwa jina lake mwenyewe.

Watu wa Nyarugusu wakitaka mtandao wa maana hupanda rundo la marudio, kilima cha mchanga uliokwisha kuoshwa na kunyonywa dhahabu yote. Juu yake walikuwepo watu kadhaa, kila mmoja ameelekea upande wake akibembeleza mtu kwenye simu. Zuleha alipanda na viatu vyake vya kazi vikizama mchangani, Herman nyuma yake akihema. Alifungua akaunti ile kwenye simu yake ya ofisini, akaitafuta video, akagusa alama ya mshale unaoelekea chini. Asilimia zikaanza kupanda. Zilipanda, zikakwama, zikapanda tena. Upepo ukivuma zilikwama. Mama mmoja aliyekuwa anazungumza na mtu wa Ushetu kuhusu tumbaku alimwambia Afande ainue mkono zaidi, mtandao uko juu. Afande akainua mkono zaidi.

Ilipokwisha kushuka alivaa vipokea sauti, akatazama akiwa amesimama.

Kwanza palikuwa na giza, na mwanga wa tochi ya kichwani ukichezacheza kwenye mdomo wa shimo. Simu ilikuwa imeegeshwa mahali, kwa sababu mikono ya mtu ilionekana yote miwili ikivuta kamba. Kamba ilikuja tupu, ikarundikwa pembeni. Kutoka chini ikasikika sauti ya mtu ambaye bado hana wasiwasi, akiuliza kwa Kisukuma mbona kamba inapanda na yeye hajajifunga. Hakujibiwa. Ikaonekana nyundo yenye kitenge, na gogo la kwanza. Sauti ya chini ikabadilika.

"We uliye juu, sikuoni. Niitie Ndaki. Mdogo wangu Ndaki, atanitoa."

Nyundo ikagonga. Mtu wa chini akalia jina la Ndaki mara nyingi, akimwelekeza aliye juu mahali Ndaki anapokaa, mahali anapokunywa chai, jinsi ya kumpata haraka. Nyundo ikatua kidogo. Mtu wa juu akasema naye kwa Kisukuma, taratibu, "Tulia. Haichukui muda."

Baada ya hapo yule wa chini hakumwita Ndaki tena. Alimwita mama yake. Aliita mpaka magogo yakaachia, na udongo ulipokwisha kutulia ile sauti ya juu ikasogea karibu na simu ikasema, kwa Kiswahili safi, "Tayari, bosi."

Zuleha alizaliwa na kukulia Shinyanga mjini, nyumba ya wafanyabiashara Waislamu, lakini Kisukuma alikinyonya kwa majirani. Alielewa kila neno. Alivua vipokea sauti akampa Herman, na Herman aliposikiliza akakaa chini juu ya marudio na suruali yake ya kazi. Habari za genge la wizi hazikusikika tena.

Zuleha alimpigia Mkuu wa Upelelezi wa wilaya, akamrushia video. Mkuu hakukawia kurudisha jibu, na jibu lilikuwa kavu. Sauti haina sura. Mwanamke anaweza kumtuma mwanamume, na nyundo bado ni yake. Maelezo ya faili yanataja aina ya simu iliyorekodi, lakini hiyo aina Abdulshakur aliiuza kwa katoni. Tena akaunti ni ya mji mzima, maana yake si ya mtu. Wakili yeyote mwenye akili timamu angeicheka. Mkuu alisema aletewe mwenye sauti, na awepo mtu wa kuitambua sauti hiyo bila kubabaika, vinginevyo kesho Martina anasomewa shitaka lake.

Mwenye sauti Zuleha alishamjua. Nyundo ya Martina ilikuwa inalala nyumbani, na nyumbani pale waliishi watu wachache: Martina na mumewe, mama mkwe, na Ndaki. Ndaki ndiye aliyekuwa akimvutia kaka yake kamba kila siku, isipokuwa siku hiyo moja, ambayo kwa maelezo yake alikuwa Katoro akimnunulia vifaa Eustace, mwenye duara. Eustace naye alikuwa na duara lililokauka muda mrefu. Watu walimwona akienda kwa waganga, akirudi amenuna. Siku chache baada ya mazishi, duara lilelile lilianza kutoa mawe yanayong'aa, na Ndaki, mvuta kamba, akafanywa msimamizi. Bosi, yaani Eustace, alikuwa ametaka kuona kwa macho yake kwamba shimo limepewa mtu wa kafara. Ndaki alimrushia video, akaifuta kwenye simu yake, akaona amemaliza. Hakujua simu ilishapandisha nakala.

"Tunamkamata," alisema Herman.

"Tukimkamata sasa hivi atasema sauti si yake, na tutarudi hapa kupunga upepo," alisema Zuleha. "Twende tukatoe pole."

Nyumbani kwa marehemu walikuwa wanajiandaa kuanua matanga. Mama Mabula, ambaye jina lake la ubatizo ni Paskazia, alikuwa ameketi kwenye mkeka ukumbini, miguu ameinyoosha, Ritha amelala mapajani mwake akinyonya kidole. Zuleha alivua viatu, akamwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma, "Shikamoo, mayu." Mama akaitikia marahaba bila kumtazama. Akauliza kama yule mwanamke amekwisha kunyongwa. Zuleha alisema bado.

Ndaki alitoka chumbani kwa haraka, akaamkia kwa adabu, akaleta viti. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mpole, sauti yake ya chini, aina ya kijana ambaye mama wa watu wangependa awe mkwe. Alikuwa anahangaikia fulana za matanga zenye picha ya marehemu. Tatizo, alisema, kaka yake alitumia simu ya tochi, picha zake ni za kuokoteza, na ile moja waliyonayo amefumba macho.

"Mbona unazo nyingi," alisema Zuleha. "Simu yako uliinunua kwa Abdulshakur? Fungua programu ya picha, ile yenyewe ya kule mwisho. Kaka yako utamkuta humo."

Ndaki aliifungua. Mji mzima ukamwagika kwenye kiganja chake. Alicheka kwa mshangao, akamwonyesha mama yake mchungaji wao akicheza muziki, akamwonyesha mbuzi. Alipomkuta Mabula amesimama mlangoni pa karasha, amecheka, meno yote nje, alisema kwa furaha ya kweli hii ndiyo ya fulana. Aliishusha ikaingia kwenye simu. Akauliza kama zipo nyingine.

"Rudi mpaka siku aliyofariki," alisema Zuleha.

Kidole cha Ndaki kilirudi taratibu, kikafika, kikasimama juu ya mraba mweusi. Hakuruka wala hakutetemeka. Rangi tu ndiyo ilimtoka, ikaanzia midomoni.

"Hiyo ni nini?" Zuleha aliuliza, kama mtu asiyejua.

Alisema ni uchafu, simu imejipiga yenyewe mfukoni. Zuleha akasema basi aishushe tuone. Ndaki alisema mtandao hapa mbovu. Zuleha alisema ana subira. Mama Mabula akauliza kwa Kisukuma wanangoja nini, na mwanawe akagusa mshale.

Zikaanza asilimia, moja moja. Huku zinapanda Zuleha aliuliza habari za Katoro, na Ndaki akajibu huku jicho likiwa kwenye kiduara. Alipanda gari gani? Pikipiki ya rafiki. Alinunua nini? Kamba. Kamba ya nini, na kaka yake alikuwa anashuka na kamba gani siku hiyo?  Ndaki alisema hakuulizwa hivyo mara ya kwanza. Herman alikuwa amesogea akasimama mlangoni. Kiduara kikajaa, video ikaanza kucheza yenyewe, na sauti ya simu ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, kama vijana wanavyopenda.

Mama Mabula aliposikia sauti ya kutoka chini alinyoosha mkono. Hakumwomba mtu. Aliichukua simu kutoka mkononi mwa mwanawe kama anavyomnyang'anya mtoto kisu, akaiweka mbele ya uso wake, akatazama. Zuleha angeweza kumzuia. Alijua kilichokuwa kinakuja, neno kwa neno, na mwanamke yule alikuwa mzazi na mzee. Lakini alihitaji uso wa mama huyu sauti ya pili itakaposikika, kwa hiyo alimwacha, akamkazia macho.

Sauti ya pili ilisema mtu atulie, haichukui muda. Uso wa Mama Mabula haukufanya lolote. Macho tu yaliondoka kwenye simu, yakaenda kwa Ndaki, yakakaa hapo mpaka video ilipokwisha.

"Si mimi," alisema Ndaki. Akili yake ilikuwa nyepesi, lazima asifiwe kwa hilo. "Afande, umeona mwenyewe, simu yangu ina picha za kila mtu. Hii inaweza kuwa ya yeyote. Halafu marehemu ananiita mimi. Ningekuwa mimi niliye juu, angeniitaje?"

"Alikuita mpaka uliposema," alisema Zuleha. "Baada ya hapo aliacha. Alikutambua."

"Hayo ni maneno yako." Akamgeukia mama yake. "Mayu, waambie. Sauti ile unaijua?"

Ritha alinyonya kidole chake kwa nguvu. Mama Mabula alimrudishia Ndaki simu.

"Sijui sauti ya nani," alisema. Kisha, kwa Kisukuma, pasipo kupandisha wala kushusha sauti, "Futa."

Ndaki alifuta. Safari hii alijua pa kupita: aliitoa kwenye programu yenyewe, akaingia kwenye pipa la taka la programu, akaitoa na humo. Herman alikuwa ameshika simu ya Martina mkononi. Mraba mweusi ulitoweka na huko akiwa anautazama. Kwa kuwa akaunti ilikuwa moja, ilifutika kwa mji mzima. Herman alimwangalia bosi wake kwa hofu, akasahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa juu ya marudio wakati video inashushwa. Zuleha alimkanyaga mguu.

"Tulikuwa tunazungumzia nini, Afande?" alisema Ndaki. Rangi ilikuwa imemrudia. "Video gani?"

 Zuleha aliweka mikono juu ya magoti yake akangoja. Hakuwa na hakika anangoja nini, ila aliona mama yule hajatulia. Midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti, jina moja, ikilirudia. Mwisho akaongea.

"Aliniita," alisema Mama Mabula. "Ndaki. Irudishe kidogo. Nataka nimsikie alivyoniita."

"Haipo, mayu."

"Hapo tu aliponiita. Hayo mengine siyataki."

"Imefutika. Wewe ndiye uliyesema." Ndaki alijaribu kutabasamu kwa sababu ya wageni. "Ikishafutwa hairudi."

Mama alimtazama mwanawe, akatazama simu, na hapo ndipo ilipomwingia alichokifanya. Alitoa mlio mdogo wa koo. Alimwomba tena, safari hii kwa kubembeleza, kama anavyoombwa mtu chumvi na jirani asiye na uwezo wa kuilipa. Ndaki akasema haiwezekani, mayu, acha. Mama akaweka kiganja juu ya kifua cha Ritha akaanza kutikisika.

Zuleha akatoa simu yake ya ofisini.

"Mimi ninayo," alisema.

Ndaki aliinuka, Herman akamrudisha kwenye kiti kwa mkono mmoja. Zuleha alisogea, akapiga magoti kwenye mkeka mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mama. Aliongea Kisukuma, taratibu, ili pasiwe na neno litakalopotea.

"Nitakuwekea, mayu. Utamsikia anavyokuita, mara moja. Lakini kwanza umwambie huyu koplo aliyemjibu ni nani."

"Usinifanyie hivyo, mwanangu," alisema Mama Mabula.

"Nakufanyia."

"Nimebaki na huyu mmoja."

"Najua."

Herman alifungua kurasa za maelezo ya shahidi, akaangalia pembeni. Ndaki alikuwa anasema mayu, mayu, kwa ile sauti yake ya chini, na kadiri alivyosema ndivyo alivyojimaliza, kwa maana ilikuwa ni sauti ile ile na kila aliyekuwemo ukumbini aliisikia. Mama yake hakumtazama. Alikuwa anaitazama simu iliyoko mkononi mwa Zuleha.

"Ni Ndaki," alisema. "Aliyesema atulie ni mwanangu Ndaki. Nimemzaa, siwezi kumkosea."

Zuleha alimwambia arudie kwa Kiswahili, akarudia. Alimwambia aweke dole gumba, akaweka. Pingu zililia nyuma yao. Ndipo Zuleha alipogusa kioo na kumpa simu.

Mama Mabula aliibana sikioni kwa mikono yote miwili. Alimsikia mwanawe akiuliza habari za kamba, akamsikia akimwita mdogo wake, akamsikia akijibiwa. Ilipofika pale anapomwita yeye aliitika. Aliitika kila mara, "Naam, baba, naam," mpaka udongo ulipoanguka, na baada ya hapo hakuitoa sikioni hata pale mtu alipomwambia bosi tayari. Wakati huo Ndaki alikuwa amekwisha kupelekwa nje, na hakuna aliyemsindikiza kwa macho.

"Rudisha," alisema mama. "Mara moja nyingine."

"Tulipatana mara moja. Sasa hivi ni kielelezo."

Zuleha aliichukua simu kutoka mikononi mwa yule mama, kidole kimoja kimoja. Kisha akainama akamnyanyua Ritha mapajani mwa bibi yake, na bibi hakumng'ang'ania. Aliacha tu mikono ikae pale ilipokuwa. Mtoto alizinduka akalia kwa njaa. Zuleha alimfunika kwa mtandio wake, akatoka naye mpaka kwenye gari, akamwambia Herman waende Geita moja kwa moja wasisimame popote, mama yake bado ana maziwa.